Ng'ombe wa Teleksi

Wajukuu wangu wakiulizwa shuleni baba wa nyumba yenu ni nani, wanakujaga kuniuliza mimi. Nawaambia ni mimi hapa, andikeni. Wakicheka, nawanyima uji mpaka wanyamaze. Nyumba hii niliioa mwenyewe, kwa ng'ombe waliotoka ndani ya mashine ya teleksi.

Nilizaa wasichana watatu, hapa hapa upande wa Butiama, na baada ya hapo tumbo likakataa. Mume wangu hakunipiga kwa ajili hiyo, wala hakuniambia neno. Alikufa tu. Alikufa katika miaka ile ya shida, sukari tukiisikia kwa jina tu, sabuni ikiwa ni majani ya mpapai, na sanda haipatikani dukani hata kwa kibali. Tulimzika na shuka ya jirani. Matanga hayajaisha, jirani akaja kuiulizia.

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, hakungoja hata hayo matanga yaishe. Ng'ombe wa mahari ya binti zangu wawili wakubwa walikuwa bado bomani kwangu. Akawaswaga kwake mchana kweupe, akaniachia dume moja lenye jicho bovu na majike wawili waliozeeka. Akasimama mlangoni kwangu akiegemea fimbo.

"Shemeji, nyumba yako imezima," akasema. "Mtoto wa kike ni mgeni, anangoja wenyewe waje wamchukue. Mimi sina ubaya. Uvune ulezi wako. Ukishavuna, mke wangu mdogo anaingia humu."

"Na mimi niende wapi?"

"Si una mabinti? Kakae mgongoni kwao, na wao walikaa mgongoni kwako."

Alicheka sana kwa hilo. Alikuwa mtu wa kucheka.

Sasa kwetu iko njia moja, na kila mtu anaijua, hata wale wanaojifanya wameisahau kwa sababu ya kanisa. Inaitwa nyumba ntobhu. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume anatoa ng'ombe, anaoa msichana, msichana anakaa kwake na kuzaa, na watoto wanaitwa kwa jina la marehemu. Akipatikana wa kiume, nyumba imesimama, hakuna shemeji wa kuigusa. Mambo ya mapenzi hayamo humo. Ni boma tu linalotafuta mlinzi. Lakini bila ng'ombe huoi, na hao watatu wangu hawakutosha hata kufungulia mdomo. Nilihitaji wanne wengine, wazuri, kabla ulezi haujakauka.

Nilikuwaga nachuuza dagaa. Naenda Mugango, nachukua mzigo, nauza Bunda, nauza Musoma. Musoma mteja wangu mmoja alikuwa bruda, mzungu wa misheni, fundi wa karakana yao, mwenye ndevu zilizojaa grisi. Ndiyo kwanza mambo yalikuwa yameanza kufunguliwa, kila mtu anauza kila kitu, wenyewe tukaiita ruksa. Siku hiyo bruda akapima dagaa wake, kisha akatoa picha mfukoni.

"Mama, wewe unatembea sana. Kitu hiki umewahi kukiona?"

Nikaangalia. "Nimekifagilia," nikamwambia.

Akadhani natania. Lakini ilikuwa kweli. Ujana wangu, msimu wa pamba, nilikuwa kibarua wa kufagia ofisi za chama cha pamba, Bunda. Kulikuwa na chumba chenye mashine mbili za teleksi. Zilifanana na taipu, lakini kubwa, kama mbuzi aliyelala, na zimefungwa kwenye waya wa simu. Mtu akigonga kule Dar es Salaam, hii ya Bunda inaanza kutetemeka yenyewe, inapiga kelele, inatema karatasi yenye bei ya pamba. Mara ya kwanza nilikimbia nikaacha ufagio.

Na kulikuwa na mpiga teleksi. Shati jeupe, tai, kitana kwenye soksi. Mtu huyo alituogopesha kuliko meneja. "Wewe, toka na vumbi lako! Vumbi ni sumu ya mashine!" Siku moja nilikuwa nimekwisha kuzoa taka zangu, akazipiga teke zikatawanyika chumba kizima, akaniambia nifagie upya kuanzia mlangoni. Nikafagia. Neno lile la vumbi likakaa kichwani kwangu mpaka uzee huu, na lilikuja kunitia hasara, kama mtakavyoona.

Bruda alinieleza kwamba kwao kuna wazee waliofanya kazi na mashine hizo walipokuwa vijana. Sasa wamestaafu, wanazitafuta dunia nzima kama mtu anayetafuta ndugu aliyepotea vitani. Wanaziweka ndani, wanazisikiliza. Nikamwangalia usoni nione kama amelewa. Huku kwetu watu walikuwa wanatafuta unga.

"Iwe kamili," akasema. "Isipungue hata skrubu. Nitakulipa vizuri."

"Nilipe ng'ombe."

"Mimi sina ng'ombe, mama."

"Mnadani wapo. Wewe utatoa hela, mimi nitachagua. Mitamba wanne."

Akasema wawili. Nikafunga kapu langu, nikajitwika, nikafika getini. Akasema wanne.

Bunda nikakuta chama cha pamba kimekufa, majani yameota mpaka kwenye mzani. Ametumwa bwana mmoja kutoka mjini kuuza vilivyobaki: viti, mabati, betri za magari. Teleksi nikaiona mwenyewe ghalani, chini ya marobota yaliyooza, kuku wa mlinzi ameatamia juu yake. Nikamwambia bwana yule naitaka.

"Teleksi?" Akawageukia wenzake. "Utampigia nani, mama? Mumeo huko chini?"

"Nitampigia mkeo," nikasema, "nimwambie mshahara unaishia kwa nani hapa Bunda."

Walicheka mpaka mlinzi akakaa chini. Bwana akaniuzia haraka haraka kwa bei ya chuma chakavu, ili niondoke mbele ya macho yake. Mayai ya kuku nikayachukua pia. Mlinzi akanifuata akinung'unika, nikamuuliza ile mashine nyingine iko wapi.

"Ile? Mpiga teleksi aliondoka nayo. Siku walipotangaziwa kwamba mshahara hakuna, aliibeba mgongoni kama mgonjwa. Yuko nayo kwao, Nyamuswa. Ameiweka sebuleni."

Sikuwa na haja nayo wakati huo. Ng'ombe wangu wanne nilishawaona wanatembea.

Nikaifikisha mashine nyumbani. Jamani, ilikuwa chafu! Vumbi, mavi ya kuku, grisi nyeusi iliyoganda kama ugali wa juzi. Nikakumbuka: vumbi ni sumu. Na mimi sijawahi kuuza kitu kichafu tangu nizaliwe. Nikaita binti zangu wote watatu, hata wale walioolewa, tukaisugua kama masufuria ya harusi. Mchanga wa mtoni, majivu, magunzi ya mahindi, majani ya mpapai. Ile rangi ya kijivu ikatoka kama magamba ya sato. Vibonye vya kugonga vikawa vyeupe pe. Tukaisuuza kwa maji ndoo baada ya ndoo, tukaianika juani juu ya kichanja. Iling'aa mpaka majirani wakaja kujitazama.

Nikaifunika kanga yangu mpya, nikapanda nayo lori mpaka Musoma. Karakanani nikaifunua mwenyewe, kama bibi harusi.

Bruda akasogea. Akaizunguka. Akagusa vibonye.

"Mama, herufi ziko wapi?"

"Zilikuwa zimechakaa. Tumezitoa."

Akaiinamisha upande, maji yakamwagika kwenye kiatu chake. Ndani kutu ilikuwa imeshaanza, nyekundu kama udongo wa kichuguu. Akakaa juu ya tairi, akashika kichwa.

"Umeiua," akasema. "Ilikuwa hai, ukaiua."

Nilikasirika. Mtu unamletea mke ameogeshwa, anakulilia kwamba hanuki jasho! Nikamwambia hivyo hivyo. Vijana wa karakana wakageukia ukutani wasionekane wanavyocheka. Bruda hakucheka. Akasema hii haitaki hata kwa bure, na kama nitapata nyingine, nisiiguse. Hata mavi ya kuku nimwachie.

Nikarudi nyumbani mikono mitupu. Njiani nikapita kwenye shamba langu, ulezi unaanza kuwa rangi ya kahawia. Shemeji alikuwa amesimama pembeni mwa shamba, anapukusa suke moja kiganjani, anatafuna.

"Umekauka vizuri mwaka huu," akasema. "Mke wangu anapenda ulezi."

Sikulala nyumbani. Nikaenda Mugango kuchukua gunia la dagaa wakavu, nikapitia mafuta ya kula na kikaango, nikaelekea Nyamuswa.

Mwaka ule Nyamuswa ilikuwa na njaa. Mvua ilikosea, mihogo ikashikwa na ugonjwa. Watu walikuwa na macho makubwa. Nikamkuta mpiga teleksi amekaa barazani kwake, shati lile lile jeupe, kola imegeuzwa ikashonwa tena. Mlango uko wazi. Ndani hakuna kiti hata kimoja, lakini kulikuwa na meza, na juu ya meza mashine, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma.

"Karibu mama," akasema. "Umetoka wapi?"

"Bunda, mzee. Hunikumbuki?"

"Samahani, sikukumbuki."

"Mimi ni yule wa vumbi."

Akanitazama, nikaona amenikumbuka, akateremsha macho. Nikamwambia nimekuja kununua mashine, nimebeba gunia la dagaa na mafuta, na kidogo cha mfukoni.

"Haiuzwi," akasema. "Ofisi itafunguliwa. Wakifungua wataniita, na wataniuliza mashine iko wapi. Bila mashine mimi ni nani?"

"Bila chakula wewe ni nani?"

"Haiuzwi, mama. Nisamehe."

Nikasema haya. Sikubishana. Nikaomba ruhusa nipumzike kivulini kabla ya safari, akanipa, maana alikuwa na adabu zake. Nikapanga mafiga matatu katikati ya uwanja wake, upepo ukielekea nyumbani. Nikawasha moto. Nikamimina mafuta. Nikaanza kukaanga.

Anayejua dagaa wa ziwa letu wakikaangwa na chumvi, anajua nilichokifanya. Watoto walitoka mmoja mmoja, kutoka nyuma ya nyumba, kutoka kwa jirani, wadogo, matumbo mbele. Hawakuomba. Walisimama tu, wanameza mate. Nikageuza dagaa. Nikala kiganja kimoja taratibu, nikilamba vidole. Nikakaanga tena. Kila kikaango kilipoiva nilikimwaga ndani ya ungo, nikaufunika.

Binti yake mkubwa akaja. Msichana mzima, amekwisha kupita umri wa kuolewa, wachumba wameogopa njaa ya kwao. Mrefu, mifupa mipana. Watoto wote walikuwa wanaangalia kikaango, yeye ananiangalia mimi.

"Mama, kaanga nje ya uzio," akasema.

"Baba yako amenipa kivuli."

"Kivuli amekupa. Moto hakukupa."

Akawashika wadogo zake wawili mikono, akawavuta kuwaingiza ndani, wakalia, wakajikokota. Nikasema moyoni: huyu. Nilikuja kutafuta mashine, nikaona na mwali.

Mama yao ndiye aliyevunjika. Alitoka jikoni, jiko lisilo na moto, akamsimamia mumewe kichwani.

"Mpe!" akapiga kelele. "Mpe hicho chuma aondoke nacho! Tukichemshe tule? Kila siku unakipangusa, kila siku unakifunika nguo, mimi nguo sina! Nani atakuita wewe? Nani?"

Mpiga teleksi akainuka. Halafu akaingia ndani, nikamfuata. Akaondoa kile kitambaa, akakikunja mara nne, akakitia mfukoni. Umeme hakuna, waya hakuna. Akaweka vidole juu ya vibonye, akagonga. Haraka haraka, bila kutazama, kama zamani. Mashine kimya, ni vidole tu vinavyosikika, tap tap tap. Akagonga muda mrefu.

"Umemaliza?" nikamuuliza.

Akasema amemaliza.

"Usiioshe," akaniambia tulipokuwa tunaipakia kwenye mkokoteni. Nikacheka mpaka machozi. Yeye hakujua kwa nini. Alitufuata nyuma ya mkokoteni mpaka barabarani, mkono ameuweka juu ya mashine isitikisike. Nyuma yetu watoto walikuwa wameshafunua ungo, wanapigania.

Safari hii sikugusa kitu. Bruda akaiunganisha na umeme wa karakana, ikashtuka, ikanguruma, herufi zikaanza kuruka. Alipiga makofi kama mtoto. Akaniuliza nataka aniandikie nini kwa kumbukumbu. Nikamwambia sitaki maandishi, nataka mnada.

Kwanza akanitaka nisaidie kuipakia. Fundi akachonga kasha la mbao, na mimi nikaleta pamba mbovu kutoka Bunda na magunia yangu ya dagaa, tukaijazia pembeni isigonge. Ikapanda meli ya Mwanza, kutoka Mwanza treni, kutoka Dar es Salaam bahari. Wachukuzi wa gati la Musoma walinusa kasha wakauliza mashine gani hii inanuka samaki. Nadhani wazee wa kule nao wanaulizana mpaka leo.

Mnadani nilichagua polepole. Bruda alisimama juani, pua nyekundu, mimi nikifungua midomo na kuhesabu meno. Mitamba wanne, hakuna hata mmoja mwenye kovu. Nikaongeza na wale majike wangu wawili na dume lenye jicho bovu, nikachukua na wazee wawili wa ukoo wa mama yangu kwa heshima, tukawaswaga mpaka Nyamuswa.

Mpiga teleksi alituona kwa mbali, akavaa tai.

"Mmekuja kumwolea kijana gani?" akauliza, baada ya salamu.

"Naoa mimi," nikasema. "Nyumba yangu haina mtoto wa kiume. Nimempenda binti yako mkubwa."

Akatazama ng'ombe. Wakati ule, na njaa ile, ng'ombe wale walikuwa kama gari uwanjani kwake. Akazunguka kila mmoja, akawashika mgongoni.

"Ng'ombe wazuri," akasema. "Hawa mitamba wametoka wapi?"

Wazee wangu wakanikanyaga mguu. Sikujali. "Wametoka kwenye meza yako," nikamwambia.

Alielewa taratibu. Nilimwona akielewa. Mkewe ndiye aliyewahi, akakaa chini pale pale akaanza kucheka, kicheko kibaya, anajipiga mapaja. "Kwa dagaa! Mume wangu, ulipewa dagaa! Yeye kapata wanne! Sasa unaletewa mwenyewe ng'ombe wako, na mtoto unamtoa juu yake!"

Yeye hakucheka wala hakulia. Alikaa barazani, mikono magotini, vidole vinagonga. Tap tap tap. Tuliongea mahari yote, vidole havikusimama. Alikubali. Angefanya nini?

Binti hakuulizwa, kwetu haulizwi. Lakini alipotoka na kifurushi chake akasema mbele ya wote, "Baba, umeniuza kwa dagaa."

"Ni kwa ng'ombe, mwanangu," akasema baba yake, kwa sauti ya chini.

Binti akajitwika kifurushi. Akatangulia mbele yangu njia nzima, kana kwamba yeye ndiye aliyekuja kunioa.

Shemeji akaja tumekwisha kuvuna. Alikuja na mke wake mdogo, amejitwika sufuria na godoro kichwani. Akamkuta mwali wangu jiweni anasaga ulezi.

"Huyu nani?"

"Mke wangu."

Kicheko chake nilichokizoea kikaanza, kikakatika katikati. Akatazama boma. Wale ng'ombe watatu alioniachia kwa huruma hawapo. Akatazama tena msichana, mabega yale.

"Umemwoa na nini wewe?"

"Uliza Nyamuswa. Watakwambia."

Mke wake mdogo shingo ilikuwa imeshachoka. "Baba watoto, nitue wapi?" akauliza.

"Tua barabarani, mama," nikamwambia, "ndiko njia ya kwenu iliko."

Padre wetu aliposikia, akaninyima komunyo. Nikamwambia, "Baba, ng'ombe hao kanunua bruda." Akasema bruda hakujua wanakwenda wapi. Ni kweli, hakuuliza. Watu wa kanisa hawaulizagi ng'ombe wanakwenda wapi.

Mke wangu huyo, ambaye kwetu tunamwita mkamwana, nilimwambia achague mwenyewe mwanaume ndani ya ukoo wetu, akachagua mpole, asiye na mdomo. Mtoto wa kwanza wa kiume. Wa pili wa kiume. Shemeji aliletewa wa kwanza amshike, akamshika kama anayeshika sufuria ya moto. Sasa wana mabega kama ya mama yao, mmoja anajenga nyumba ya matofali Bweri, pale Musoma, na shamba la ulezi hakuna anayeliangalia kwa pembeni. Mpiga teleksi alifariki bila kuitwa ofisini. Tulipokwenda kumzika, niliona kile kitambaa cha kufuma, wamemfunika nacho uso.

Mkamwana ananitunza. Ananiogesha mgongo, ananipikia, haninyimi kitu, na siku zote ananiita mama. Nikimwambia leo nataka dagaa, anawachambua mmoja mmoja, anawakaanga vizuri kuliko nilivyokaanga mimi, chumvi yake sawasawa. Ananiwekea mbele yangu. Halafu anatoka nje ya uzio, anasimama upande ule upepo unakotoka, mpaka nimalize.

Hajawahi kuonja hata mmoja tangu aingie nyumba hii. Nami sijawahi kumkaribisha. Nakula taratibu, nalamba vidole, naye anangoja.